Kabla ya Paneli, Nyumba: Somo la Nishati kwa Skuli za Unguja



Umeme unaowasha taa za Unguja hupita chini ya bahari. Waya wa kwanza ulitandazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni, upande wa Tanzania Bara, hadi Ras Fumba, ukiwa na uwezo wa megawati 45. Wa pili, wa megawati 100, uliongezwa mwaka 2013. Katikati ya miaka hiyo kisiwa kilipewa funzo ambalo halikuwamo katika kitabu chochote cha skuli. Mwezi Mei 2008 umeme ulikatika kwa takriban wiki nne. Desemba 2009 ulikatika tena, na safari hii giza likaendelea hadi Machi 2010. Mifereji ikakauka, kwa kuwa maji ya mji huvutwa kwa pampu za umeme. Wenye uwezo wakanunua majenereta, na wasio na uwezo wakarudi kwenye kandili na ndoo. Mtoto aliyezaliwa katika giza lile leo ni wa umri wa sekondari. Suala ninalotaka tulitafakari ni dogo, lakini lina uzito: je, anaweza kutueleza nyumba yao inatumia umeme kiasi gani kwa siku, unakwenda wapi, na upi kati ya huo unaweza kuachwa bila mtu kupungukiwa?

Siku hizi ukitaja elimu ya nishati, jibu la haraka ni paneli ya jua. Wengine huiita nishati mbadala, wengine nishati jadidifu, lakini picha inayokuja kichwani ni moja: kioo cheusi juu ya paa na wanafunzi wamepangwa chini yake. Sina ugomvi na paneli, na nitairudia kabla sijamaliza. Ninachodai ni kwamba tukianzia hapo somo linakaa kichwa chini, miguu juu. Mwanafunzi anafundishwa chanzo kabla ya kufundishwa haja. Somo la nishati kwa skuli zetu lianzie nyumbani: mtoto ajue kwanza nyumba inatumia nini, inapoteza wapi, na kwa nini inapata joto. Ajue kupunguza haja kabla ya kutafuta chanzo, na paneli ije mwisho, kama jibu la hesabu aliyoifanya mwenyewe. Hoja hii inasimama juu ya mambo matatu, ambayo ni mita, ukuta na jiko. Nitayachukua moja baada ya jingine, kisha nitajibu wanaoipinga.

Tuanze na hesabu yenyewe. Paneli ya siku hizi yenye ukubwa wa mita moja ya mraba hutoa wati 200 hivi jua likiwa kali. Kisiwa chetu kipo nyuzi 6 kusini ya ikweta, na kwa wastani wa mwaka jua linalotufikia kwa siku ni sawa na saa 5 hivi za jua kali. Ukiondoa kinachopotea kwa joto, vumbi, nyaya na betri, mita ile moja ya mraba hutuachia takriban kilowati-saa 0.8 kwa siku. Sasa chukua nyumba yenye taa tano. Zikiwa globu za zamani za wati 60, na zikiwashwa saa 5 kila usiku, zitakula kilowati-saa 1.5, na paneli moja haitoshi. Zikiwa taa za LED za wati 9, ambazo mwanga wake unakaribiana na wa globu hizo, zitakula chini ya 0.23, na paneli ileile itabakisha umeme wa kuzungusha pangaboi la wati 70 kwa saa 8 za usingizi. Hesabu inafunga. Ondoa pangaboi, weka kiyoyozi kidogo kinachovuta wastani wa wati 600, na saa 8 hizo zitataka kilowati-saa 4.8, yaani mita sita za mraba za paneli kwa chumba kimoja. Jua halikuongezeka wala halikupungua. Mwanafunzi aliyeifanya hesabu hii ubaoni hataweza tena kumwuliza fundi paneli ni bei gani kabla ya kujiuliza ni ya kuwasha nini.

Na hiyo kilowati-saa mtoto anaijua tayari, ila kwa jina jingine. Nyumbani inaitwa uniti. Mama huinunua kwa simu, hupata tarakimu, huziingiza kwenye mita ya TUKUZA kama wenzetu wa Bara wanavyofanya kwenye LUKU, na nyumba nzima inajua lini uniti zinakaribia kwisha. Skulini mtoto huyohuyo hukutana na kitu hicho kwa Kiingereza katika somo la fizikia, hukikariri kwa ajili ya mtihani, na anaweza kumaliza sekondari asijue kuwa kile cha kitabuni na hiki cha ukutani ni kimoja. Hapa ndipo mwalimu anapoweza kufanya kazi kubwa kwa gharama ya daftari tu. Mwanafunzi asome mita jioni na alfajiri, wiki nzima, aandike. Siku ya pasi iandikwe, na siku ya pampu ya maji vilevile. Atagundua kuwa chaja ya simu anayogombezwa nayo kila siku karibu haili kitu, na kwamba friji yenye mpira wa mlango uliolegea hula usiku na mchana bila mtu kuigombeza. Atagundua pia kuwa joto ni ghali kuliko mwanga: kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 27 hadi 100 kunahitaji karibu uniti 0.085, umeme ambao ungewasha globu ya wati 60 kwa takriban saa moja na nusu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakizungumzia biashara, lakini hakuna mali inayopotea kimya kama umeme, kwa sababu hauna harufu, haumwagiki sakafuni, na mwizi wake hula ndani ya nyumba.

Jambo la pili ni ukuta, na hapa tuna kitabu ambacho watu huvuka bahari kuja kukitazama. Mji Mkongwe, ulioingizwa mwaka 2000 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, ulijengwa na watu waliokuwa wakipambana na joto bila waya wowote. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta nyingi zina unene wa nusu mita au zaidi. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka zaidi ya mita tatu hivi, lakini ni virefu kwenda juu, na hewa ya moto hupanda ikamwacha aliyekaa chini. Vichochoro ni vyembamba, nyumba zikikopeshana kivuli. Madirisha yana vipande vya mbao vilivyolazwa, yaani luva, vinavyokaribisha upepo na kulizuia jua. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, ilizungushiwa varanda kila ghorofa, na kazi ya varanda ni kwamba jua lichome sakafu ya nje lisiguse ukuta wa chumba. Hakuna mwalimu wa fizikia Unguja anayeweza kudai kuwa hana maabara ya joto, wakati maabara hiyo ipo Shangani, Malindi na Kiponda, na mlango wake ni barazani.

Lakini kitabu hiki kisomwe kwa akili, kisisomwe kwa mapenzi tu. Ukuta mnene unafaa zaidi palipo na usiku wa baridi, kama miji ya bara la Oman, ambako ukuta hupoa usiku na kuibeba baridi ile hadi mchana. Usiku wa Unguja haupoi kiasi hicho, na ukuta uliokunywa joto mchana hulirudisha chumbani mtu anapotaka kulala. Kwa hiyo nguvu ya nyumba yetu ya kale haikuwa unene peke yake. Ilikuwa kivuli na upepo: dirisha linalotazamana na dirisha, ua wa ndani unaovuta hewa, paa na upenu, na mjenzi aliyejua Kaskazi inaingia wapi na Kusi wapi. Somo hilo ndilo tunaloweza kulihamishia kwenye nyumba za leo za matofali ya saruji na mabati. Jua hupita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, na hata miezi mingine halitoki mbali. Kwa hiyo upande wa nyumba unaochomwa kuliko wote ni paa. Mabati yasiyo na dari chini yake huwa pasi juu ya kichwa cha aliyelala. Dirisha la aluminiamu la kusukuma linapendeza, lakini hata likifunguliwa lote hufunguka nusu tu, na kioo chake huingiza jua ambalo luva ya mbao ingelizuia. Wanafunzi wakipewa kipimajoto kimoja, wakapima chumba chenye dari na kisicho na dari saa nane mchana, kisha wakapima chini ya mwembe, watakuwa wamejifunza jambo ambalo kiyoyozi hakiwezi kuwafundisha, kwamba joto unalolizuia nje halihitaji umeme wa kulitoa.

La tatu ni jiko. Tunapotaja nishati ya nyumbani tunafikiria umeme, na hali katika nyumba nyingi za Unguja moto wa kupikia bado unatoka kwenye kuni na makaa. Mwanafunzi anapaswa kujua makaa yanatoka wapi. Katika tanuu la kienyeji, kilo moja ya makaa hutaka kilo 6 hadi 10 za kuni, na sehemu kubwa ya nguvu iliyokuwa ndani ya mti huondoka na moshi kabla gunia halijafungwa. Halafu seredani ya wazi hupoteza sehemu kubwa ya kile kilichobaki, pembeni mwa sufuria. Sehemu ya kuni hizo hutoka kwenye misitu yetu ya juu ya mawe, ileile inayopakana na Jozani, ambayo tangu mwaka 2004 ni hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka, na ambamo kima punju huishi. Jiko lenye udongo ndani, lililoanza kuenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, hupunguza makaa kwa theluthi au zaidi, kwa sababu udongo hulizuia joto lisitoroke. Kifuniko cha sufuria hufanya kazi hiyohiyo, na maharage yaliyoloweshwa tangu usiku huiva upesi kuliko makavu. Haya si mambo ya kudharauliwa kwa kuwa ni ya jikoni. Ni fizikia ileile ya ukuta, kwamba joto likizuiwa lisitoroke, moto mdogo unatosha.

Sasa, mtoto aliyepita mita, ukuta na jiko amekwisha kuiva kwa paneli, na atashangaa kukuta kuwa nishati jadidifu si mgeni kisiwani. Mwani wa Paje na Jambiani huanikwa kwa jua, karafuu hukauka kwa jua majamvini, na jahazi zilizojenga utajiri wa mji huu zilisukumwa na Kaskazi na Kusi. Hata mfereji wa Seyyid Barghash, ulioleta maji mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu, ulitegemea mteremko wa ardhi, si mashine. Jipya ni kuligeuza jua kuwa umeme, na ushahidi kwamba watu wetu wanaliweza hilo upo kaskazini mwa Unguja. Tawi la Barefoot College, chuo kilichoanzishwa na Bunker Roy huko Tilonia nchini India mwaka 1972, huwafundisha wanawake wa vijijini, wengi wakiwa na elimu ndogo ya skuli au hawana kabisa, kuunganisha, kufunga na kutengeneza vifaa vya umeme wa jua. Hufundishwa kwa mikono, kwa rangi na kwa kurudia hadi kitu kikae. Ikiwa mama ambaye hakuwahi kufanya mtihani wa fizikia anaweza kukitengeneza kifaa kilichozima kikawaka tena, basi mwanafunzi wa kidato cha pili anayeshindwa kusoma mita ya kwao hana upungufu wa akili. Upungufu upo katika namna tulivyompangia somo.

Yapo mapingamizi, na baadhi yake ni mazito. La kwanza linasema kuwa kumfundisha maskini kubana matumizi ni kumdhihaki: nyumba yenye taa mbili na redio itabana nini, wakati hoteli za pwani ya mashariki zinapoza kumbi zisizo na watu? Nalikubali nusu yake. Kipimo cha maendeleo si umeme kidogo, na familia nyingi zinahitaji zaidi ya zinachopata. Lakini ufanisi si kujinyima. Kwa asiye na kitu kingi, ufanisi ni kupata mwanga zaidi, chakula zaidi na usingizi zaidi kwa uniti zilezile. Anayeumizwa zaidi na friji mbovu si tajiri. Ni yule anayenunua uniti kidogo kidogo kila zinapokwisha. Na kuhusu hoteli, ni nani atakayeuliza kwa ushahidi kwa nini ukumbi mtupu unapozwa, kama si kijana aliyefundishwa kuhesabu, ambaye kesho huenda akawa fundi au msimamizi wa hoteli hiyohiyo?

Pingamizi la pili ni jipya. Tanzania sasa ina Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye mitambo ya megawati 2,115, basi kwa nini tuzungumzie kubana tukiwa na umeme tele? Jibu lipo Ras Fumba. Hata Rufiji izalishe kiasi gani, kinachofika Unguja ni kile tu ambacho waya wa baharini unaweza kukibeba, na huo hauongezeki kwa sababu mto umejaa. Tena mto haujai kila mwaka. Ukame uliisababishia Bara mgao wa umeme mwaka 2022 na 2023, na sisi tumeunganishwa nao. Kila megawati isiyohitajika saa za jioni, watu wanapowasha kila kitu kwa pamoja, ni nafasi iliyobaki katika waya kwa ajili ya hospitali, kiwanda na pampu ya maji. Kisiwa kinachotegemea waya wa bahari kina sababu ya ziada ya kujua kuhesabu.

La tatu ni la walimu wenyewe: ratiba imejaa, vifaa hakuna, na kwa desturi zetu mtoto hamfundishi mzazi wake namna ya kuendesha nyumba. Kuhusu ratiba, sipendekezi somo jipya. Napendekeza kubadilisha mifano. Asilimia ifundishwe kwa uniti, grafu ichorwe kwa usomaji wa mita, usafirishaji wa joto ufundishwe kwa bati na dari, jiografia ya pepo ifundishwe kwa madirisha. Kuhusu vifaa, daftari, kipimajoto na mita iliyokwisha kufungwa ukutani vinatosha kuanzia. Na kuhusu adabu, desturi hiyo ni msaada kuliko kikwazo. Mtoto asitumwe nyumbani kuhubiri, atumwe kuuliza. Bibi anajua chumba kipi kina upepo wakati wa Kusi na kwa nini. Mama anajua maharage yaloweshwe saa ngapi. Fundi wa mtaani anajua chokaa ilikuwa ikipumua vipi. Elimu itatoka nyumbani iende skuli, ikapimwe, kisha irudi ikiwa na namba. Mzazi hufungua mlango kwa mtoto anayeuliza upesi kuliko kwa mtoto anayehubiri.

Wapo watakaosema pia kuwa nyumba ya mawe ni kumbukumbu tu, ni ghali, inapata unyevu, na hata Beit al-Ajaib sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Ni kweli, na mikoko ya kukata boriti hatuna ya kuchezea. Sisemi turudi kujenga kwa matumbawe. Nasema tuirithi kanuni na tuache malighafi. Kivuli, upepo na dari vinawezekana kwa saruji, kwa mbao na kwa bati lililopakwa rangi nyeupe. Anguko lile lenyewe ni somo la ufanisi, kwamba nyumba isiyotunzwa hupoteza yote iliyokuwa ikiokoa.

Kazi ya skuli isiishie daftarini, na mfano upo wa kuazima. Mwaka 1994 mji wa Hamburg, Ujerumani, ulianza mpango wa nusu kwa nusu. Skuli ikipunguza gharama za nishati na maji kwa jitihada za wanafunzi na watumishi wake, nusu ya fedha zilizookolewa hubaki kwa skuli, nusu hurudi serikalini. Mpango huo ukaenea katika miji mingine kwa sababu uliwapa watoto kitu kikubwa kuliko nasaha, yaani mamlaka juu ya jengo wanalokaa na faida inayoonekana. Skuli ya Unguja yenye mita yake inaweza kufanya hivyo kwa makubaliano ya ukurasa mmoja: wanafunzi wasome mita, wazime kinachowaka bure, wafunge bomba linalovuja, kwa sababu maji yaliyovutwa na pampu ni umeme pia, na nusu ya kilichookolewa inunue vitabu.

Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi mkubwa wa umeme kwa Zanzibar, na mipango ya mitambo ya jua Unguja inazungumzwa hadharani. Bila shaka siku moja utahitajika waya mwingine wa baharini. Maamuzi hayo yatafanywa kwa niaba ya watoto wanaosoma leo, na watayalipia wao, uniti kwa uniti, hadi wawe wazee. Watakapoambiwa tunahitaji megawati kadhaa, itafaa awepo hata mmoja darasani atakayenyanyua mkono kuuliza: za kuwasha nini, saa ngapi, na tumekwisha kuangalia paa?